Machozi ya Moshi

Machi 3, Karatu

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza mafunzo ya vitendo leo. Ofisi ya shirika iko ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo kutwa nzima tunanusa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Chuo kinataka Juni nirudi Arusha na kazi mbili, kava la jarida na tangazo la kuchangisha, kila moja na maelezo ya kwa nini nimechagua picha ile, rangi ile, maneno yale. Bahati yangu, ofisi hii inafanya vyote viwili. Inatoa jarida linalowekwa vyumbani kwenye loji za watalii, na mwaka huu inachangisha ujenzi wa bweni la wasichana wa sekondari kule Endulen.

Mkuu wa mawasiliano ni Bwana Silvanus. Ni Mwiraqw kama mimi, kwao Mbulu. Ameangalia kazi zangu za darasani akasema, "Katarina, una jicho." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nimejipangia kumsikiliza vizuri.

Machi 5

Hakuna umeme. Nimechora kwa penseli na kufuta.

Machi 9

Jana tulikwenda Endulen. Tulipita geti la hifadhi mapema, na kule juu ukingoni mwa kreta ukungu ulikuwa mzito hata dereva akawa anaendesha kichwa kiko nje ya dirisha. Tulipoteremka upande wa pili tukakuta jua, majani mabichi, na ng'ombe wamenenepa.

Tulipokelewa kwenye boma la mzee Tajewo. Binti yake, Namunyak, yuko kidato cha tatu. Shule iko mbali na kwao, kwa hiyo yeye na wenzake wamepanga chumba karibu na soko. Chumba kinavuja. Siku za mnada walevi wanakuja kugonga mlango, na wasichana wanasukuma meza na ndoo za maji nyuma ya mlango, wanakaa macho mpaka kelele ziishe. Alinieleza haya akicheka, akimwigiza mlevi mmoja ambaye kila akija anajitambulisha kuwa ni mwalimu wa zamu. Nilicheka mpaka kamera ikatikisika mkononi.

Mzee Tajewo aliitazama kamera kwanza, ndipo akanitazama mimi.

"Mpige picha akiwa na sare," alisema. "Sare hiyo nilishuka Karatu nikainunua mwenyewe. Ndugu zangu wakasema nimerogwa. Watu wamekuja hapa kumposa huyu, watu wenye mifugo, nikawarudisha. Nikasema anasoma."

Akaongeza kitu kwa Kimaasai na Namunyak akaficha uso.

"Anasema kwa alama zangu za hesabu zilivyo, hata hao waposaji wangeghairi wenyewe," alinitafsiria.

Nilimpiga picha na sare, mbele ya zizi, akicheka bado kwa ule mzaha wa baba yake. Bwana Silvanus akaomba avae shanga za shangazi kwa ajili ya kava la jarida. Akavaa, ingawa alisema ni za mtu mzima na zinamkaba. Halafu Bwana Silvanus akaingia naye ndani ya nyumba, ambako shangazi alikuwa anachemsha chai kwa kuni mbichi, akampiga picha kwa kamera yake mwenyewe. Wote wawili walitoka wakikohoa, macho yanawachuruzika, shangazi akiwacheka.

Tulikunywa ile chai. Siku nzuri.

Machi 13

Tangazo langu limekamilika. Namunyak na sare, anacheka, macho yake yanamtazama msomaji moja kwa moja. Nimeacha zizi nyuma na kibuyu cha shangazi pembeni. Rangi ni za asubuhi ile ile, sijaongeza kitu. Herufi nene zisizo na mapambo, rangi ya samawati ya sweta lake: "Namunyak anataka kulala pakavu." Chini yake, kwa herufi ndogo, habari ya chumba, mvua, mlango na ndoo.

Bwana Silvanus aliliangalia kwa muda, mikono mfukoni.

"Zuri," alisema. "Ila anacheka."

"Ndiyo."

"Nani atamchangia mtu anayecheka?"

Machi 14

Mvua. Bado nawaza lile swali.

Machi 20

Leo ni kava. Mimi nilikuwa nimeacha saa ya mkononi ya Namunyak na paneli ya sola juu ya bati, kwa sababu vilikuwepo. Bwana Silvanus alivuta kiti akakaa kwenye kompyuta yangu. Saa ikafutika. Paneli ikafutika. Bati likageuka nyasi alizozitoa kwenye picha nyingine. Akaikoleza ngozi ya msichana, akaliwasha jua la machweo wakati picha tuliipiga asubuhi, akaandika jina la jarida juu ya kichwa chake kwa rangi ya dhahabu.

"Mgeni amelipa kuja kuona Afrika," alisema. "Hajalipa kuona bati."

Nilimwambia baba yake aliomba picha ya sare. Akasema sare itakuja, nisiwe na haraka, kava ni biashara na tangazo ndiyo roho. Nimerudi chumbani. Najiambia yeye ana uzoefu na mimi bado najifunza.

Machi 30, Kansay

Nimekwenda nyumbani kwa siku moja. Ayo, ndivyo tunavyomwita mama, anapanda mbaazi katikati ya mahindi. Nilimsimulia habari ya saa na bati, akasikiliza huku akifukia mbegu kwa kisigino.

"Na wewe ulisema nini?" aliuliza.

"Nilisema kidogo."

"Kidogo kwa lugha gani?"

Hakungoja jibu. Alinipa jembe.

Aprili 3

Nitaandika yote.

Ofisi ilinituma kwa Zulfa, mwenye duka la kuchapa mabango pale njia panda. Ni mwanamke wa maneno machache, mkali kwa wateja, na sikuwahi kumpenda. Nilikuta mashine inatema bango refu polepole, kuanzia juu. Kwanza paji la uso. Halafu macho, mekundu, yamejaa machozi. Halafu shavu lenye mstari wa maji. Ilikuwa ile picha ya ndani ya nyumba. Rangi yote imenyonywa, imebaki nyeusi na kijivu. Nyuma yake hakuna nyumba, hakuna shangazi, hakuna sufuria ya chai, ni giza tu.

Kisha maneno yakaanza kutoka. "Baba yake alitaka kumuuza kwa ng'ombe. Muokoe Namunyak."

Jina lake halisi. Uso wake. Baba yake.

"Huyu si ndiye yule wa kwenye jarida?" Zulfa aliuliza. "Kule anameremeta, huku analia. Ana maisha ya kupanda na kushuka."

Nilimwomba azime mashine. Akasema kazi ni ya ofisi, na ofisi haijamwambia azime. Nikamwambia maneno yale si ya kweli. Akanijibu, "Mimi nachapa, sihubiri. Nenda kwa bosi wako."

Nilitoka mvuani bila mwavuli. Machozi yale ni ya moshi. Nilikuwepo. Alikohoa, akafuta macho, akacheka.

Aprili 4

Bwana Silvanus alinisubirisha nje ya chumba chake huku akiongea na simu. Niliingia nikabaki nimesimama.

"Baba yake hakutaka kumuuza," nilisema. "Ulikuwepo. Ulikunywa chai yake."

"Nilikuwepo."

"Sasa?"

"Katarina, kuna wasichana wanaozwa au hakuna?"

"Wapo. Huyu si mmoja wao."

"Basi tangazo linasema kweli. Limeazima sura tu."

"Tafuta ambaye yamempata, akikubali kuyasema mwenyewe."

"Wenye habari hiyo hawakubali kupigwa picha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wanaona aibu. Wana wazazi, wana ndugu, wanaishi na watu..." Akakatiza hapo, maana aliyasikia maneno yake mwenyewe.

"Na Namunyak anaishi na nani?"

Alifunga kompyuta yake taratibu. Aliniambia tangazo langu la kucheka alilipeleka kwa wafadhili, hakuna aliyejibu. Hili la machozi walijibu siku hiyohiyo. Akaniuliza kama ninataka bweni lijengwe au ninataka kuwa msafi. Anaongea kwa upole mtu huyu, na mwezi mzima nimeuita upole ule hekima. Nilimwambia ninataka bweni lijengwe na mzee Tajewo abaki mtu. Akasema nitaelewa nikikua.

Nimekua vya kutosha.

Aprili 7

Mabango yametundikwa. Moja njia panda, mkabala na duka la Zulfa. Jingine barabara ya kwenda getini, kwa Kiingereza, watalii walione. Kila nikienda ofisini nampita Namunyak analia.

Aprili 8

Mvua haikukatika. Bango halilowi, lina plastiki.

Aprili 11

Muuza mahindi ya kuchoma pale njia panda amewaambia wateja wake kwamba hao wazee wa huko juu ni wanyama. Alikuwa anaelekeza bangoni kwa koleo. Nilimwambia si kweli. Akaniuliza, "Si imeandikwa?"

Aprili 18

Namunyak amenipigia kwa simu ya shangazi yake. Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa ile ya kumwigiza mlevi.

Habari imefika Endulen. Kijana mmoja anayefanya kazi loji alilipiga bango picha, ikazunguka kwenye simu mnadani. Ndugu za mzee Tajewo, walewale waliosema amerogwa, walimzunguka wakamuuliza alidai ng'ombe wangapi na kwa nini hakuwagawia. Mmoja wa wale aliowarudisha na posa alisema mbele ya watu kwamba mzee alimkataa kwa sababu alikuwa anasubiri bei ipande.

Shule zimefunguliwa, Namunyak hajaenda. Baba yake amesema shule ndiyo iliyowaleta watu wa kamera nyumbani kwake, basi shule imekwisha.

"Dada Katarina," aliniuliza, "wewe ndiye uliyeandika?"

Nikasema hapana.

"Lakini ulikuwa unajua."

Nikasema ndiyo, nilikuwa najua. Nilimweleza kwamba nilikataa, kwamba nilikwenda ofisini. Simu ikakatika. Sijui ni salio au ni yeye.

Aprili 22

Naandika kirefu kwa sababu sitaki baadaye mtu aje anisimulie tofauti.

Asubuhi mvua ilikuwa nyingi, magari ya watalii yanarusha tope jekundu hadi milangoni mwa maduka. Nilipofika njia panda nikamkuta mzee Tajewo amesimama mbele ya bango, shuka limemganda mwilini, fimbo mkononi. Namunyak alikuwa pembeni yake na sweta la shule. Nilimwamkia mzee. Hakuitikia.

"Soma," alisema.

Namunyak akafungua mdomo.

"Si wewe. Huyu. Huyu aliyekuja kwangu."

Watu walikuwa wameshaanza kusimama chini ya vibaraza. Nilisoma. Nilisoma neno kwa neno, kwa sauti, kwamba baba yake alitaka kumuuza kwa ng'ombe, na baba yake amesimama mbele yangu maji yanamtiririka puani. Sijawahi kutamka kitu kibaya kama kile. Nilipomaliza akasema, "Tena," nikasoma tena.

Ndipo Zulfa akatoka dukani kwake, kanga kichwani.

"Mzee, karibu upande huu, unalowa," alisema.

"Niko sawa."

"Huyu ni binti yako?"

"Binti huyo ndiye huyu," alisema mzee, akielekeza juu kisha pembeni. "Na huyo baba ni mimi. Muulize."

Zulfa akamgeukia Namunyak, na Namunyak akasema kwa Kiswahili safi cha darasani, kila mtu akasikia, "Baba yangu aliwakataa wote walionitaka. Na pale silii. Ni moshi."

Zulfa alirudi ndani.

Tulipanda ofisini sisi watatu. Bwana Silvanus alisimama, akavuta viti, akaagiza chai. Alisema anasikitika kama kuna mtu ameumia. Alisema picha hufanya kazi kubwa kuliko mtu mmoja. Alisema ofisi inaweza kumpa mzee kitu kidogo, kifuta jasho, yaishe.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Chai hakuigusa.

"Nilikataa ng'ombe za watu kwa ajili ya huyu," alisema. "Sasa unataka nipokee zako, ili lile bango liwe kweli?"

Bwana Silvanus aliniangalia mimi, eti nimsaidie. Nilimwambia ateremshe mabango. Akasema mkataba ni wa miezi sita, si uamuzi wake peke yake, kuna ngazi. Bado alikuwa anazieleza zile ngazi tuliposikia kelele barabarani. Tukaenda dirishani.

Zulfa alikuwa amepandisha fundi wake kwenye fremu ya lile bango na yeye mwenyewe ameishika ngazi chini, tope mpaka kwenye pindo la gauni. Uso wa Namunyak ulikunjika kuanzia pembe ya juu, ukaanguka wote barabarani.

Bwana Silvanus alishuka mbio. Alimwambia Zulfa kwamba amevunja mkataba na kwamba ofisi haitampa kazi tena.

"Fremu ni zangu," Zulfa alisema. "Nilikodisha fremu. Sikukodisha uongo. Na la getini naenda kulitoa sasa hivi."

Nilikuwa nimemwandika humu kama mwanamke asiye na moyo. Sifuti, ila naongeza hili.

Alilikunja lile bango akamkabidhi mzee Tajewo. Mzee alilitia kwapani. Alipopita karibu yangu alisimama.

"Ukija kwangu tena," alisema, "njoo bila hicho kitu chako."

Aprili 23

Nimelala mchana kutwa. Naumwa kichwa.

Aprili 28

Bwana Silvanus ameniita na kuniambia mafunzo yangu yameisha mapema. Hatasaini fomu yangu ya chuo. Amesema nina kipaji ila sina nidhamu ya kazi, na kwamba alisikitika kwa sababu aliniona kama mdogo wake. Nilimjibu kwamba kaka yangu angemwomba mtu ruhusa kabla ya kulitundika jina lake barabarani. Kisha nilikusanya daftari na chaja yangu. Nilikuwa na maneno mengi zaidi, yamenijia yote kwenye ngazi.

Mei 6, Kansay

Napalilia na Ayo. Magugu ya mwaka huu yana mizizi mirefu.

Mei 19

Luqman, tunayesoma naye Arusha, amenitumia kiungo. Tangazo liko mtandaoni, kwa Kiingereza na lugha nyingine mbili. Limesambazwa na watu wasiojua Endulen iko upande gani. Chini yake wameandika maombi, mioyo iliyovunjika, na matusi kwa baba yake. Fremu za Zulfa zilikuwa mbili. Huku hakuna ngazi ya kuegemeza.

Nimeliripoti. Nimeandika ukweli chini yake, mtu mmoja akanijibu kwamba ninatetea mila mbaya. Nimeitupa simu kitandani. Ayo aliiokota akatazama ule uso kwa muda.

"Huyu mtoto ana mama?"

"Alifariki zamani. Analelewa na baba na shangazi."

"Basi huyo shangazi asione hii," alisema, akaizima.

Juni 14, Endulen

Mvua zimekwisha, baridi imeingia, upepo unakata masikio. Nimekuja bila kamera.

Mzee Tajewo alikuwa zizini. Alinisalimia kwa Kimaasai, salamu ya wanawake, "Takwenya," nikaitikia "Iko," na hilo lilitosha. Bango la Zulfa ameliezeka juu ya banda la ndama, upande wa picha umefunikwa na matawi ya miiba. Alinieleza kwamba Namunyak amerudi shule. Siku alipotoka Karatu, mzee alipita nalo mnadani, akalitandaza chini mbele ya ndugu zake, akamsimamisha binti yake juu yake awasomee kisha aeleze. Wengine waliamini. Wengine hawakuamini, na hao hasalimiani nao.

Nilimkuta Namunyak nje ya chumba chao karibu na soko, anafua soksi. Bweni linaonekana kutoka pale. Kuta zimefika kwenye madirisha. Mafundi wanapiga kazi haraka, maana fedha imekuja nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Imekuja kwa machozi yale.

Nilimwambia niliyoyakusanya kichwani tangu Mei. Kwamba asilale kwenye bweni lile. Kwamba akilala mle Silvanus atakuwa ameshinda, atakuja siku ya kulizindua na kumpiga picha nyingine. Kwamba awaambie na wenzake wakatae. Niliongea mpaka mate yakakauka.

Alikamua soksi, akaianika kwenye waya.

"Ukimaliza kukasirika unakwenda wapi?" aliniuliza.

"Arusha. Chuoni."

"Unalala wapi?"

"Hosteli."

"Inavuja?"

"Haivuji."

"Mimi nitalala mle. Nimeshamwambia matroni nataka kitanda cha dirishani. Nyumba ile imejengwa kwa uso wangu, dada. Unataka uso wangu ulale ndani, mimi nibaki huku nagongewa na walevi?"

"Na yule mtu?"

"Simsamehi. Baba hamsamehi. Lakini nina hesabu za kufanya, na siwezi kuzifanya nikiwa nimeushikilia mlango."

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hasira yangu haikupungua hata kidogo, ila ilikuwa imekosa pa kukaa. Tukaanika zilizobaki pamoja. Akaniuliza habari za chuo na nikamweleza kwamba Jumatatu natakiwa kuwasilisha kava na tangazo, sina sahihi ya ofisi, na huenda wasinipokee. Nikamwomba ruhusa ya kutumia ile picha yangu, ya sare, ya kucheka. Ni ya darasani tu, nilisema. Ni ya kweli.

"Hapana," alisema.

"Hata hiyo?"

"Hata hiyo. Siku ile nilikuwa nacheka na wewe. Sikuwa nacheka na wao."

Juni 15, Karatu

Nimekaa dukani kwa Zulfa, amenipa kompyuta na chai ya tangawizi. Hatuongei sana. Nimeufungua ule ukurasa wa kava, nimeacha jina la jarida mahali pake na maneno yake mahali pake, nimeitoa picha. Palipokuwa na uso pamebaki peupe. Tangazo langu nimelifanya vivyo hivyo.

Zulfa alichungulia begani kwangu akauliza kama mashine imekwama.

Haijakwama, nilimwambia. Na kwenye karatasi ya maelezo, pale chuo kinapotaka sababu za kila uamuzi, nimeandika moja tu, kwamba mwenye uso amekataa.